Wa Tatu Kutoka Kushoto

Majina yote niko nayo. Uniambie tu ni sikukuu gani, nitakuambia nani alipiga ngoma ndogo, nani alivaa kengele mbovu kwa muguu, mama yake alizaliwa wapi na alikuwa anauza nini sokoni. Shule niliishia mwaka wa pili, juu ng'ombe za baba zilihitaji mutu wa kuzichunga, na ule mutu njo nilikuwa mi. Basi kichwa kikabakia na nafasi mingi, nikakijaza majina ya batu. Mais humu sitaandika hata moja. Bengine ni bibi za batu sasa, na mumoja mambo yake iko kwa tribunal. Mukinikuta sokoni mutaniuliza, nitakataa. Mutaninunulia chai, nitakunywa, na nitakataa tena.

Kwetu Butembo tukisema ballet, hapana fikiria bale bazungu banaosimama juu ya vidole. Ballet ni kikundi cha ngoma: ngoma kubwa moja, ndogo tatu, basichana mistari miwili na majani makavu kiunoni, na mwanaume mumoja wa kuongoza wote. Wetu tulimuita Maître, ni kusema mwalimu. Mikono ya yule mutu juu ya ngoma kubwa, acha niseme ukweli hata kama unanichoma, ilikuwa inaweza kusimamisha mugonjwa.

Mi nilikuwa fana wake, mushabiki. Fana mukubwa. Tulikuwa babili: mi na rafiki yangu, mujane Mwislamu wa Beni anayeuza vitambaa huku kwetu. Ubao wa mbele katika salle ya répétition, mule banafanyiaka mazoezi, ulikuwa wetu. Mutu akiukalia, siye tunamukalia yeye. Mi napiga vigelegele upande huu, yeye anajibu upande ule, na Maître alisema bila siye ngoma haiivi.

Hata Beni tulifuatana nao. Siku moja tulienda kupokea mukubwa fulani kwa uwanja wa ndege wa Mavivi. Ndege ikatua, Maître akapiga, basichana bakaingia, siye vigelegele mpaka makoo ikakauka. Vumbi ilijaa kwa meno. Mulango ukafunguka, bakashusha makartoni ya dawa. Mukubwa alifika kesho yake, siye tumekwisha rudi Butembo. Nilitaka kulia, rafiki yangu akaniambia: "Nyamaza. Na dawa nayo inapenda kupokelewa vizuri."

Mais safari ya Beni haikuwa ya kila musichana. Gari ilibeba mustari wa mbele tu, batu sita. Na katika bale sita, wa tatu kutoka kushoto njo alikuwa malkia: anasimama karibu na ngoma kubwa, anaingia peke yake kufungua ngoma, bengine banamufuata. Hakuna musichana hakutamani pale pahali.

Kiangazi kimoja, pale pahali akapewa jirani yangu wa chini ya kilima. Ni musichana mukubwa, shule amemaliza, anashonea batu nguo kwa mashini ya miguu mbele ya nyumba ya mama yake. Nilifurahi sawa vile ni mi nimechaguliwa. Nilimupelekea kitambaa cha rangi za ballet anishonee libaya, blauzi ya kuvaa Mavivi. Mais majuma mawili hayakuisha, tukamuona amesimama mustari wa nyuma, uso chini. Nikasema moyoni, labda alichelewa répétition.

Siku ya alhamisi, répétition inaisha, Maître akamuambia apeleke kengele ku dépôt, ile chumba ndogo ya nyuma wanamoweka mavazi. Musichana hakutembea. Akaweka kengele chini, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mutu anataja bei:

"Ku dépôt siendi tena, Maître. Siku ile ulifunga mulango, ukanishika. Ukasema wa tatu kutoka kushoto anaanzia humo ndani. Nilikuambia hapana, ukanirudisha nyuma. Sasa nasema mbele ya batu: hapana."

Na mutu wa kwanza kufungua kinywa, munafikiri alikuwa nani?

"Bongo! Uongo mutupu!" nikalia kutoka ubao wa mbele. "Hauna haya! Mutu amekufundisha kucheza, weye unamupaka mavi!"

Yule mutoto akaniangalia. Hakukasirika. Aliniangalia vile anaangaliaka kitambaa alichokipima na kuona hakitatosha.

Maître akapanguza jasho, akanishukuru kwa upole, akasema comité ya ballet itakaa siku ya mungu baada ya misa. Musichana akikosa wa kumushuhudia, atapiga magoti mbele ya ballet yote, ataomba musamaha, ataleta na mbuzi, vile inafanyikaka kwa kila mutu anayechafua jina la mwenzake. Kwa mama yake kulikuwa mbuzi moja tu, na ilikuwa na mimba.

Tukipanda kilima, rafiki yangu alinishika mukono, akanisimamisha. Kisha akaniuliza:

"Weye ulikuwa ku dépôt?"

"Mi? Ningefanya nini ku dépôt?"

"Basi bongo umeijulia wapi?"

"Maître namujua."

"Unajua ngoma yake. Mi bwana yangu, Mungu amurehemu, nililala naye miaka makumi tatu. Siku ya mazishi njo nilijua alikuwa na bibi mwingine Mavivi, na batoto bane, na bote bana pua yake."

Kuna pua mutu hawezi kubishana nayo.

Siku ya posho, kesho yake njo siku ya mungu, nilikuwa namenya viazi. Bengine wakimenya viazi banasali rozari. Mi naita mistari. Naanzia kushoto, mwaka kwa mwaka, jina kwa jina, na ngoma inapiga katika kichwa. Wa kwanza: yule murefu, eko mpaka leo, amezaa batatu na anarudi kila mara na kiuno chake. Wa pili: mwenye pengo, eko. Wa ine, wa tano, wa sita: bale bale, tangu mbele ya Ebola. Nikarudia. Wa tatu...

Kisu kikasimama.

Wa tatu alikuwa nani? Walikuwa batano, mbele ya huyu mushonaji! Batano, mumoja nyuma ya mwingine, na hakuna aliyemaliza miaka miwili. Majina yao yote niliyaita pale jikoni, na kwa kila jina nilikuwa na sababu yangu tayari. Huyu aliolewa. Huyu muguu ulimuuma. Huyu alienda Alimbongo kulima viazi. Huyu alinenepa, na huyu alikuwa na kiburi.

Na hizo sababu nilizipata kwa nani? Si kwa Maître? Kila mara, akipanguza jasho, aliinama kwa sikio yangu: "Mama, yule ameolewa." Na mi nilifikisha habari sokoni mbele ya jasho lake kukauka.

Nikakumbuka na ingine. Yule aliyeolewa, nilikuta anauza maavoka, nikamuuliza bwana yake hajambo. Akaniita koko, vile batoto banaitaka mama muzee, akajibu: "Bwana gani, koko?" Mi nikacheka, nikasema batoto ba siku hizi banajua kutania, nikachagua avoka zangu nikaenda.

Kile kiazi nilikimenya mpaka kikabakia kama karanga. Nyamuhanga, Mungu wangu! Kichwa changu kilihesabu kila kitu, na mi mwenyewe sikukiuliza hata siku moja.

Nikavaa viatu, nikashuka kwa mushonaji. Nilijisemea naenda kufuata libaya, juu mutu mukubwa hawezi kushuka kilima bila sababu. Alikuwa kwa mashini. Mbuzi ilikuwa imefungwa pembeni, inakula na kuniangalia, ni kama ilikuwa inajua kesi yake.

"Karibu, koko. Libaya bado. Imebakia mukono mumoja."

"Mukono mumoja? Kwa nini?"

"Alhamisi njo nilikuwa naenda kuumalizia. Kisha mikono yangu ikakataa."

"Nilisema vibaya," nikasema.

"Ulisema kwa nguvu, koko. Sauti yako inafikaka Rughenda, kwa uwanja wa ndege. Kama kungekuwa ndege, ingerudi."

Nilitaka kucheka, nikaogopa. Nikakaa juu ya kibao, nikamuambia: "Alhamisi nilisema mi. Leo sema weye, mi nitafunga kinywa."

Kufunga kinywa ni kazi ngumu kuliko kulima. Mais nilifunga. Aliniambia yote, mashini ikitembea, bila kuniangalia. Sitayaandika, ni yake, si yangu. Alipomaliza aliuliza kitu kimoja tu: "Kesho nani atanisimamia? Bengine bote banataka Beni."

"Nipe hiyo libaya," nikasema.

"Iko na mukono mumoja!"

"Mi njo niliifanya iwe na mukono mumoja. Nitaivaa hivyo hivyo."

Siku ya mungu, salle ilijaa. Mama wa mushonaji alikuwa amefunga mbuzi kwa mulango, tayari kwa kuhukumiwa. Batu bakaniona na mukono mumoja wa rangi na mwingine wa sweta, bakaanza kuguna. Rafiki yangu akaniambia kwa sikio: "Umevaa sawa mutu aliyetoroka kwa mushonaji." Nikamuambia leo vigelegele hakuna. Akasema yeye alikwisha viacha nyumbani.

Maître alisema vizuri, juu alijuaka kusema. Donc, yaani basi, ballet ni familia. Donc, miaka hii yote basichana bamepita kwa mikono yake, na hakuna hata mumoja alilalamika. "Aonyeshwe mwingine!" akasema. "Mumoja tu! Nani mwingine?"

Rais wa comité akaangalia salle. Salle ikaangalia miguu yake.

Nikasimama. Maître akatabasamu, alifikiri fana wake anakuja kumusaidia. Hata akanisogezea kiti.

"Maître," nikasema, "umeuliza nani mwingine. Mi shule sikusoma, mais nakumbuka mwalimu wangu alivyoanzaka siku. Alikuwa anaita majina."

Nikaanza kuita. Jina la kwanza, na la baba yake. Alisimama wa tatu kutoka kushoto, mwaka ule mvua ya mawe ilivunja maharagi. Aliondoka mbele ya Pasaka. Uliniambia muguu unamuuma, na mi nilimuona anabeba muhogo ya kuponda gari. Jina la pili: uliniambia eko Alimbongo, viazi vya Alimbongo nanunuaka kila juma, na mwenye kuvileta hamujui. Jina la tatu, wa wakati wa Ebola, tulipokuwa tunanawa mikono kila mulango. Jina la ine: uliniambia amenenepa. Jina la tano: uliniambia ameolewa. Nikaliita hili la tano kwa nguvu zangu zote, ile sauti ya Rughenda.

"Présente!"

Ilitoka nyuma, karibu na mulango. Yule wa maavoka. Alikuwa amesimama na kitunga chake bado juu ya kichwa, na mukono juu, sawa mutoto wa shule. Sikumuita aje, alisema baadaye alikuja kuona tu kama mwingine atapigishwa magoti.

"Présente," akarudia, mara hii polepole. "Na bwana sina, koko. Sikuwa naye hata siku ile."

Kisha yule murefu, wa kwanza kutoka kushoto, akasema yeye aliona mulango wa dépôt unafungwa mara mingi, na kila mara alicheza kwa nguvu zaidi kusudi asifikiri. Na mwenye pengo akaanza kulia. Maître hakusema tena donc. Rais wa comité akamunyooshea mukono, akaomba funguo za dépôt, na Maître akazitafuta katika mifuko yote, hata ile iliyotoboka, juu hakutaka kuzipata.

Mengine yalifuata njia yake. Basichana banasindikizwa na mama mumoja wa mambo ya sheria, na mi siko juge wa kukata kesi. Ballet inaongozwa na yule murefu. Anapiga ngoma kubwa vizuri, si kama Maître. Siwezi kudanganya. Bajukuu bangu bakifungua katika telefone ile ngoma ya zamani, miguu yangu inaanza yenyewe, na mi naikalia.

Mais ile siku ya mungu haikuwa imeisha. Rais alisema kesi ya magoti imefutwa, mama arudishe mbuzi yake. Batu bakasimama. Na mushonaji akasema: "Mbuzi irudi. Mais magoti, kuna mutu bado eko na deni yangu."

Akaniangalia. Salle yote ikaniangalia.

Alikuwa na haki. Nilimuita mwongo mbele ya batu, si jikoni kwangu. Magoti yangu ni mawili, moja la kutembea, lingine la kutabiri mvua. Nikayateremsha yote mawili pale kwa simenti, nikasema: "Nilikutukana bila kukusikia. Unisamehe, mutoto wangu."

"Nimesamehe, koko. Simama."

"Sasa ile siwezi."

Alifikiri natania. Akavuta mukono wa sweta, rafiki yangu akavuta ule wa libaya, uzi ukalia pwaa, na mbuzi nayo ikaitika kwa mulango. Pale njo alicheka, mara ya kwanza tangu ile alhamisi. Nikabakia kwa magoti kidogo tena, kusudi aendelee.

Libaya alinimalizia kesho yake, mikono yote miwili. Ule wa kuume umenibana kwa kwapa, siwezi kuunyanyua haraka kupiga kelele. Nilimuambia aupanue. Akasema hapana, aliupima hivyo kusudi.