Niliisafisha bunduki ya marehemu baba mpaka mama akaikataa

Wakuu, nawasalimu wote. Hii siyo chai, yamenikuta mimi mwenyewe hapa Kasulu, na nayaandika humu kwa sababu nyumbani sina wa kumsimulia.

Marehemu baba aliacha bunduki ndogo ya zamani, point two-two. Ni zile lever action: unashusha chuma cha chini ya trigger, unakipandisha, tayari umekoki. Risasi zake ni rimfire, yaani pini haigongi katikati ya kitako cha risasi, inagonga ukingoni.

Alipewa na padri mzungu aliyekuwa anarudi kwao, akawa anafukuzia ngedere kwenye mahindi kule nyumbani Mabamba.

(Kabla hamjaniuliza: nimeirithi kihalali, kibali ninacho. Tusitishane.)

Mzee alikuwa na utaratibu wake. Bunduki haiingii ndani na risasi. Akitoka shamba jioni anasimama uani, anakoki mpaka zote zitoke, ndipo anaingia. Mama akisikia ule mlio anaanza kusonga ugali. Ndiyo ilikuwa hodi yake.

Sasa mama haoni. Anakaa na dada yangu palepale Mabamba. Nilimwambia nimekabidhiwa bunduki lakini lever imekwama.

Akasema, "Itengeneze, mwanangu. Nataka nimsikie akirudi, hata mara moja."

Wakuu, hilo neno liliniingia.

Nikaanza kazi. Mke wangu alishaondoka, watoto wako Dar, kwa hiyo jioni zangu zote zikawa za bunduki. Kitako chake kilikuwa kimeliwa na mchwa upande mmoja, nikachonga kipande cha mninga nikaunga. Huko mitandaoni wenye bunduki kama hizi wamejaa, wanaonyeshana mpaka screw. Hapa Kasulu sikupata hata mmoja.

Kuna siku nilimaliza kung'arisha mtutu, nikageuka nimuonyeshe mtu, nikakuta kiti.

Nilipoifungua ndani nilicheka peke yangu. Kumbe mzee alikuwa anailainisha kwa mawese! Si mnatujua watu wa Kigoma, mawese ni mboga, ni dawa, ni ya kujipaka, na baba akaona hata bunduki ipate. Yalikuwa yameganda kama gundi, yananuka jikoni kwa mama.

Nikaloweka kwenye mafuta ya taa, nikasugua na mswaki, nikaweka gun oil safi. Lever ikateleza, cha-cha, mpaka raha.

Nikaenda Mabamba. Jioni nikasimama uani palepale, bunduki tupu, nikakoki. Mama alikuwa amekaa mlangoni.

"Mbona huanzi?" akauliza.

Nikakoki tena, kwa nguvu zaidi.

"Oya," akasema, yaani hapana kwa Kiha. "Huyo si yeye. Ya baba yako inakwama kwanza, inalia krrr, halafu ndiyo inafunga. Hii umeileta ya nani?"

Nikamweleza habari ya mawese. Akakipapasa kitako, akakinusa, akanirudishia. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba amechoka, dada amuingize ndani.

Nilirudi Kasulu kesho yake. Nililia wakuu, mtu mzima kabisa. Nilidhani namrudishia mama mume wake, kumbe nilikuwa nimemsugua na mswaki nikammwaga na mafuta ya taa.

Nilichojifunza: kitu cha marehemu usikisafishe kabla hujamuuliza aliyeishi nacho.

Sasa nimeipaka mawese upya. Kila jioni naikoki hapa peke yangu nasikiliza, bado inateleza tu.

Mwenye kujua namna ya kuyafanya mawese yagande haraka kwenye chuma atiririke hapo chini. Wa kunishauri mafuta bora naomba apite kimya.

Dada amenipigia juzi. Anasema jioni mama bado anaomba akae mlangoni.