Nta ya Mpunga na Sabuni ya Unga

Wakosaji ni watatu, nami nitawataja kwa kazi zao, kwa sababu majina yao bado wanayatumia: mtafiti, bwana shamba na mwenye duka la pembejeo. Wa nne ni mimi, lakini mimi nimeshajisamehe.

Nyumba yangu ilikuwa bondeni, kando ya mto Lumemo, mto ukaichukua. Shamba langu, nusu eka, liko juu, na huko mto haufiki. Ndiyo bahati niliyopewa: maji yalipata nyumba, shamba hayalipati. Kila mwaka mpunga wangu unafika kubeba mimba, mvua inakatika, unakauka umesimama. Kwa hiyo bwana shamba alipomleta binti mtafiti mwenye mbegu isiyoogopa jua, akitafuta pa kuijaribia, nilitoa kipande cha shamba bure. Posho sikutaka. Nilitaka mbegu, hata kibaba kimoja, nipande msimu unaofuata.

Mpunga ulipochangamka, binti alichuchumaa akadondosha maji juu ya jani. Tone likaviringika kama shanga, likaanguka, jani likabaki kavu.

"Hiyo ni nta, baba. Inazuia jani lisipoteze maji. Kuna jeni za ukoo mmoja ndani ya mmea zinazoitengeneza. Jua likizidi, zinaamka."

"Zinaamka zenyewe, bila kuitwa?"

"Zenyewe."

"Basi huo ni ukoo. Wangu, nyumba ilipokwenda na maji, ulilala fofofo."

Alicheka, akaandika kitu kwenye daftari. Sidhani kama aliandika hilo.

Nikamuuliza habari ya viwavi. Akasema, "Pulizia kama unavyopulizia shamba lako." Hilo ndilo kosa lake, na alilisema kwa upole. Bwana shamba alikuwa amesimama hapo hapo, anaitikia kwa kichwa. Kila mtu bonde hili anajua tunavyopulizia. Dawa inateleza kwenye jani la mpunga, kwa hiyo unatia sabuni ya unga kwenye pampu, inashika. Nani alitufundisha? Yeye bwana shamba.

Dukani sikuhitaji hata kusema. Mwenye duka aliweka chupa ya dawa na pakiti mbili za sabuni juu ya meza.

"Dawa bila sabuni unaosha miguu yako tu, mzee wangu."

Nilipulizia mara tatu. Na kwa kuwa mpunga ulikuwa mgeni, nikaongeza sabuni ya heshima. Kila mara pampu iliniishia kwenye mistari mitatu ya mwisho, karibu na kichuguu. Mgongo ulikuwa unauma, nikaiacha hivyo hivyo.

Mvua ikakatika. Mpunga wa wageni ukakauka kabla ya ule wangu wa zamani, majani yamejikunja kama sigara. Mistari mitatu tu ya kwenye kichuguu ilisimama kijani, kama haijapata habari.

"Mbegu yako isiyoogopa jua," mke wangu aliniambia, "inaogopa hata mwezi."

Mtafiti alikuja, akachuchumaa. Alidondosha maji kwenye jani lililokauka, tone likatandazika, likaganda palepale. Akaenda kwenye kichuguu, akadondosha tena. Likaviringika.

"Baba, ulipulizia nini?"

"Dawa."

"Na nini?"

"Na sabuni. Kama kwangu."

Akamgeukia bwana shamba. Bwana shamba akatazama milimani kama mtu aliyesahau jembe huko. "Nilidhani unajua," akasema.

Nikajiandaa kutukanwa. Kumbe binti anafurahi! Anapiga picha, anapima majani, anasema sabuni imeivua mimea nta yake, na sasa kila mtu ataona nta ilikuwa inafanya kazi gani. Mbegu yote iliyopona itakwenda kituo cha utafiti, Ifakara.

"Na kibaba changu?"

"Bado haijaidhinishwa, baba. Samahani sana." Akanipa kofia.

Ile mistari mitatu ilipokomaa walikuja kuikata kwa mkasi, suke moja moja, wakitia kwenye mifuko yenye namba. Mpunga ulikuwa umekauka vizuri, punje zikawa zinapukutika. Walipomaliza, mke wangu alitandaza kanga, akainama kuokota. Kwetu mwanamke anayeokota masalia baada ya mavuno hafukuzwi, hata na mwenye shamba mchoyo.

"Mama, hiyo ni mali ya utafiti," bwana shamba akasema.

"Hii? Hii ya kuku, mwanangu. Kwa mama yako hamfugi?"

Bwana shamba akamtazama mtafiti. Mtafiti alikuwa ametupa mgongo, anahesabu mifuko yake. Aliihesabu, akairudia, akairudia tena, polepole, mpaka mke wangu alipofunga fundo la kanga na kushika njia ya nyumbani.

Kuku siku hiyo walikula pumba, kama siku zote.