Kitambaa cha Televisheni Ambayo Hatukuwa Nayo

Enzi zetu, nanyi wa rika langu mtanishuhudia, televisheni haikuwa na waranti. Ilikuwa na mwenyewe. Mtaani kwetu Pangani mwenyewe alikuwa Mzee Shomari, baharia mstaafu wa meli za mizigo, aliyerudi nayo kutoka huko alikokuwa akizunguka, akaipakia kwenye mkokoteni hadi nyumbani kwake huku nusu ya mji ikimfuata nyuma kama inasindikiza bibi harusi. Wakati huo bara hapakuwa na kituo hata kimoja cha kurusha picha. Tulidokoa matangazo ya Unguja, yaliyovuka maji yakatufikia yamechoka, na hali ya hewa ikiwa nzuri tulipata na ya Mombasa. Antena ilifungwa juu ya boriti ndefu ya mkoko, na kila jioni alikuwepo mtu nje anaizungusha, sisi ndani tunapiga kelele: "Bado! Bado! Hapo hapo! Aa, umepita!"

Kijana wa leo intaneti ikisita kidogo tu anashika kichwa kana kwamba kafiwa. Sisi tulitazama mechi nzima bila kuuona mpira, na tukashangilia.

Yenyewe ilikuwa kabati. Miguu minne, milango miwili ya mbao yenye kufuli, na ndani kioo kidogo kilichobenuka. Ilikuwa ikila betri ya gari. Betri ikianza kuisha picha ilisinyaa kutoka pembeni, watangazaji wakawa wembamba, kisha wafupi, mwisho akabaki mtu wa kimo cha kidole gumba akisoma taarifa ya habari kwa sauti ya mgonjwa. Rangi haikuwa nayo, ila Mzee Shomari alibandika juu ya kioo nailoni ya rangi tatu: buluu juu, waridi katikati, kijani chini. Basi kila aliyetokea alikuwa na paji la buluu na kidevu cha kijani. Nilikua nikiamini kwamba watu wakubwa wa Unguja wako hivyo.

Masharti yalikuwepo, tena makali, lakini hayakuandikwa mahali. Unanawa miguu kwenye pipa la uani kabla ya kukanyaga mkeka. Wadogo mnakaa mbele, ila si mbele ya ufito uliolazwa sakafuni, na atakayeuvuka anarudishwa kwao akilia. Mvua ikinguruma waya wa antena unachomolewa na kutupwa dirishani, hata kama mtu kabaki na kipa. Na ilikuwepo ile kamba. Mzee Shomari aliifunga televisheni kwenye nondo za dirisha kwa kamba nene ya meli, tangu siku mbuzi wa jirani alipoingia ukumbini akaenda kujikuna kwenye miguu yake. Kila jioni, kabla ya kugusa kufuli, aliivuta kwanza ile kamba.

"Mie nimeona makabati yakitembea yenyewe melini," alikuwa akituambia, "sembuse hili na nyie mnavyosukumana."

Watu wazima walimcheka pembeni. Lakini miaka yote ile haikumwangukia mtoto wa mtu.

Kiingilio hakikuwepo. Kila mama aliyekuja alikuja na kitu chini ya kanga: mabumunda, kashata za nazi, mihogo ya kuchoma iliyopakwa pilipili na ndimu. Chumba kilinuka udi, jasho la watoto na mafuta ya nazi vichwani mwetu. Kesho yake shuleni tulioona tuliwasimulia wasioona, na wasioona wakasimulia darasa la pili kwa chumvi zaidi kuliko sisi. Mwalimu wa hesabu alijifanya mkali, kumbe naye anasikiliza.

Ikimalizika taarifa ya mwisho, Bi Fatuma, mkewe Mzee Shomari, alikuwa akiweka kiganja mgongoni mwa televisheni na kusubiri. Hakuwa na haraka. Alipohisi imepoa ndipo alipofunga milango na kuifunika kwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, chenye ua katikati na vishada pembezoni. Wengine wote walikuwa wameshaanza kutafuta ndala zao. Mama yangu alikuwa bado ameketi, anakitazama kile kitambaa.

Siku moja nilimkuta barazani na bunda la uzi mweupe na sindano ya kufumia.

"Cha nini, Mama?"

"Cha televisheni yetu."

"Televisheni ipi?"

"Utaiona."

Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kufua nazi na kukausha mbata, alicheka mpaka akakohoa. Mama aliendelea kuvuta uzi. Alifuma kitambaa mpaka kikaisha, akakifua, akakitia wanga, akakikunja pamoja na vikuba vya asumini, akakiweka chini kabisa ya sanduku lake. Televisheni hatukuipata. Baba alifariki, sisi tukaolewa na kutawanyika, zikaja televisheni za rangi, zikaja za visogo vya plastiki, watu wakazitupa, na kitambaa kikabaki sandukuni. Sikukifikiria tena.

Mwaka huu Mama aliteleza uani kwake Pangani akaumia goti. Nikamleta kwangu Chumbageni, Tanga mjini. Alikubali kwa sharti la kurudi goti likipona, na goti lenyewe lilikuwa bado limevimba alipoanza kuulizia magari ya Pangani. Alisema nyumba yangu ni nzuri lakini haina watu. Nilimwambia watu tupo, mimi, na Idrisa, na mke wa Idrisa. Akasema, "Nyie si watu, nyie mna simu."

Sikuwa na raha hata kidogo. Kule angeishi peke yake, na ule ua unaoteleza uko palepale. Nilitaka abaki, na sikujua nimshike kwa kitu gani. Idrisa, mwanangu wa kwanza, ambaye Mama humwita mume wangu kama ilivyo kwa bibi wa kwetu, akaja na dawa: televisheni. Si televisheni ya kawaida. Ililetwa na wanaume wawili kwenye boksi ambalo lingetosha kuwa mlango.

Mama alifurahi, nisiseme uongo. Akaagiza makaa, akatia udi kwenye chetezo, akaja kuikaribisha kama anavyowakaribisha maharusi na watoto wachanga.

"Hapana, Bibi!" Idrisa aliruka. "Moshi unaua waranti."

Akatoa kadi ya hiyo waranti akatusomea. Ndugu zangu, sijapata kusikia kitu kama kile. Waranti haitambui madhara ya moshi. Haitambui unyevu, wala chumvi ya hewani, wala vumbi. Haitambui umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, radi, sisimizi wala mijusi. Haitambui televisheni iliyofunikwa, iliyosogezwa, iliyomwagikiwa chai, wala iliyotumiwa nje. Kwa ufupi ilitambua kila mji isipokuwa Tanga.

"Sasa hiyo dhamana inadhamini nini, mume wangu?" Mama aliuliza.

"Ubovu wa kiwandani, Bibi."

"Kwani sisi twakaa kiwandani?"

Lakini akaondoa chetezo chake. Kisha akaingia chumbani, akafungua mkoba wake, akatoka na kitu kilichokunjwa vizuri. Nilikitambua kabla hajakikunjua. Kimegeuka rangi kidogo, kimekuwa cha maziwa, lakini ua liko palepale na vishada vyote vipo. Alikuwa amekuja nacho kutoka Pangani bila kuniambia. Idrisa hakujua anaangalia nini. Alisema kwa adabu, kwa kuwa ni kijana mwenye adabu, kwamba kufunika kunaziba matundu ya hewa, kitu kinapata joto, na waranti inasema waziwazi. Mama akasema haya. Akakikunja kama kilivyokuwa, akakirudisha kwenye mkoba. Nilimwona alivyokirudisha nikajua ameamua kuondoka.

Basi televisheni ikatundikwa. Idrisa alimleta rafiki yake mwenye drili, kijana wa kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba, akatoboa ukuta mpaka chokaa ikaingia kwenye bakuli la sukari. Waliiweka juu ili isiguswe. Juu kweli, usawa wa pangaboi, kama televisheni za stendi zinazolindwa dhidi ya wezi. Mama aliketi, akainua shingo, akatazama nusu ya tamthilia, akauliza, "Hii ni televisheni au ni mwezi mnaniandamisha?" Kesho yake shingo ikaungana na goti.

Boksi nalo likawekwa juu ya kabati langu la nguo, maana waranti inalitaka zima. Mimi nikipita na ndoo naambiwa, "Angalia boksi, Mama." Hakuna aliyewahi kusema, "Angalia mgongo wako, Mama." Pazia lilifungwa mchana kutwa ili jua lisipige kioo. Watoto wa Mama Neema, jirani yetu Msambaa mwenye sauti ya kwaya ya Kilutheri inayovuka ukuta, waliokuwa wakija kumsalimia Mama kila wakitoka shule, wakaambiwa waishie mlangoni kwa sababu ya vidole vyao. Wakawa wanasema "Shikamoo Bibi" kutoka kizingitini, Mama anaitikia "Marahaba" kutoka kwenye kiti, halafu kimya. Chumba kikubwa, televisheni kubwa, na mama yangu amekaa chini yake kama mgonjwa anayengojea kuitwa jina.

Alhamisi aliniambia ameshaongea na dereva. Jumamosi asubuhi gari litampitia. Mkoba wake ulikuwa tayari nyuma ya mlango.

Jioni hiyohiyo ukatokea mstari wa kijani ukingoni mwa kioo, mwembamba kama uzi, kutoka juu mpaka chini. Idrisa hakupaniki. Huu ndio wakati aliokuwa akiungoja. Ijumaa alishusha boksi kwa heshima zote, akachukua kadi, akapiga picha za ule mstari, akaenda dukani akiwa amechomekea. Alirudi baada ya swala ya Ijumaa na boksi lake, shati likiwa nje.

"Wameuliza nani aliitundika," alisema. "Nikawaambia rafiki yangu. Wakasema alitakiwa mtu wao. Waranti imekufa tangu siku ile ya kwanza."

Kwa hiyo wakati wote ule tulikuwa tukilinda maiti. Tulimnyima Mama udi wake, tukawafukuza watoto wa Mama Neema, tukafunga pazia, na aliyeivunja waranti alikuwa mlinzi wake mwenyewe kwa drili ya kuazima. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia mwanangu. Mama akaniwahi.

"Televisheni nayo imekufa?"

"Hapana, Bibi. Inafanya kazi. Ni ule mstari tu."

"Na hiyo waranti haifufuki?"

"Haifufuki."

"Alhamdulillahi. Mume wangu, ishushe."

Aliondoka kitini kwa fimbo yake akasimamia kazi. Ikashushwa, ikavishwa vile viguu vyake vifupi vya plastiki, ikawekwa juu ya kabati langu fupi la mninga, zito, ambalo halitikisiki hata ukiligonga kwa nyonga. Akataka iachwe mbali kidogo na ukuta ipate kupumua, na waya zote zipite nyuma mtoto asijikwae. Halafu akaomba kamba. Idrisa alidhani anatania.

"Hii si ya mbao wala haina miguu ya kujikuna mbuzi," nilimwambia Mama, nikicheka.

"Nyepesi ndiyo huanguka upesi," alisema. "Na wale watoto wanakuja. Kaza, mume wangu. Vuta. Tena."

Idrisa akaifunga kwenye nondo za dirisha, kwa nyuma, isionekane. Mama akaivuta mwenyewe kwa mkono wake wenye mishipa, na mimi niliyesimama pale na umri wangu huu nikaona ukumbi wa Mzee Shomari mbele ya macho yangu, nikajifanya nimeingiwa na vumbi la chokaa. Kisha tukafungua pazia, na chetezo kikawekwa mlangoni, mbali, moshi ukielekea wanakotoka wageni.

Walikuja. Watoto wa Mama Neema walinawishwa miguu bombani, jambo ambalo hawajawahi kulisikia, wakaona ni mchezo. Mama Neema alikuja na bakuli la viazi, mpangaji wa upande wa pili akaja na karanga. Hakuna aliyesikia tamthilia inasema nini kwa kelele. Mstari wa kijani uliwapitia waigizaji wote usoni, nikawasimulia watoto kuhusu watangazaji wenye kidevu cha kijani. Mdogo wao aliniuliza kwa nini hatukutazama kwenye simu.

Siwalaumu vijana. Wana vioo visivyosinyaa, sauti ya kutikisa vikombe, na karatasi ya kurudishia kila kitu dukani. Wanajua umbali wa macho na kioo kwa vipimo. Ila kila mmoja ana kioo chake mfukoni, na hajui jirani yake anacheka nini. Sisi tulikuwa na kimoja kibovu, cha mtu mwingine, na mpaka leo naweza kutaja nani aliketi wapi. Wengi wao sasa hawapo. Mzee Shomari hayupo, Bi Fatuma hayupo, na kamba ile sijui ilikwenda wapi. Nawakumbuka sana.

Jumamosi niliamka mapema ili nimkaangie Mama vitumbua vya safari. Nikapita ukumbini. Mkoba ulikuwa palepale nyuma ya mlango, lakini ulikuwa mtupu, umejikunja. Televisheni ilikuwa imezimwa, imepoa, na juu yake kimetandikwa kitambaa cha rangi ya maziwa. Hakikutosha. Kilifumwa kwa ajili ya kabati la miguu minne, kikaishia katikati ya kile kioo kipana kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mzee, vishada vinaning'inia.

Nje gari la Pangani lilipiga honi. Mama aliitikia kutoka chumbani bila kufungua mlango, "Mwambie aende zake. Mie nina televisheni."