Maombi ya Kuninenepesha

Nilipopungua uzito, shangazi yangu wa Mwatate aliwaita akina mama wa kanisa waje kuniombea. Nilimweleza kwamba muuguzi wa Voi alinipima urefu na uzito, akaniambia, "Sasa uzito wako unalingana na kimo chako. Hapo awali ulikuwa umezidi."

"Muuguzi anajua nini?" shangazi akasema. "Mwanamke mwenye afya huonekana mashavuni."

Basi afya ikawa mashavu! Yeye mwenyewe hupanda ngazi za kanisa akihema, magoti yakimuuma, na bado hujiita mzima. Wakaniwekea mikono kichwani, wakakemea pepo la kukonda. Nilivumilia hadi mmoja aliponong'ona kwamba mume wangu ananinyima chakula. Nikainuka katikati ya maombi, nikaenda zangu. Mpaka leo shangazi hunisalimia kwa shingo upande, nami sijali.