Miwani Nyeupe ya Mama

Mama hakuliweza jua. Shamba letu la Ndera liko ukingoni mwa mto, na maji yakipungua mchanga huwaka mpaka unafumba macho bila kutaka. Nilimpeleka Garsen kwa daktari wa macho, akapewa miwani inayobadilika: ndani ya nyumba ni nyeupe, juani inakuwa nyeusi yenyewe. Mtu aliyeivaa haoni ikibadilika, anahisi nafuu tu. Jambo hilo hatukulielewa, yeye wala mimi.

Baba akafariki. Mama akakaa eda, bila wanja wala manukato, bila pambo lolote. Mchana aliruhusiwa kwenda shambani kufukuza nyani, maana mahindi hayakuwa na mtu mwingine. Huko ndiko shangazi, dada yake baba, alikomwona.

"Mjane gani huyu, wifi? Eda na miwani ya jua, kama dereva wa lori?"

"Miwani yangu ni nyeupe," mama akasema.

"Nyeupe? Basi labda giza limeniingia mimi."

Mama akarudi nyumbani kuwaonyesha wanawake wa jirani. Alipofika na kukaa kidogo, miwani ilikuwa nyeupe kweli. Shangazi akaamini ziko mbili, na kwamba ile nyeusi imefichwa. Akapekua kikapu cha mama, akakung'uta hadi leso zake. Hakupata kitu, ila maneno hayakuisha. Ikawa mama ni mrembo wa eda, tena mwongo.

Nilipokuja nyumbani na kuyasikia hayo, nikamuuliza taratibu, "Mama, hakuna nyingine kweli?" Aliivua, akaiweka mbele yangu.

Ili nijue jua linaifanya nini, nikaichukua miwani, nikaiweka mkekani uani, jua likiwa kali, nikafunika kioo kimoja kwa kiganja. Shangazi na majirani wakainama kutazama. Nilipoondoa mkono, kioo kimoja kilikuwa cheusi, kingine cheupe. Wakacheka sana. Shangazi akashika kidevu, akasema, "Wifi, nisamehe. Kumbe ni kinyonga."

Mama alimsamehe palepale. Baadaye, tulipobaki wawili, aliikunja miwani akanipa.

"Wameiamini miwani," akasema. "Mimi hawakuniamini. Hata wewe ulitaka uione juani kwanza."

Nilimsihi aivae siku ile, nikamsihi tena eda ilipokwisha. Alisema macho ni yake na ameyazoea. Nadhani kama ningemwamini kwanza, kisha ndipo niitoe uani, angeivaa. Sina hakika, lakini ndivyo ninavyofikiri tangu tulipomzika mama.

Hakuivaa tena hadi alipokufa. Kila jioni alirudi kutoka shambani macho mekundu, machozi yakimchuruzika kwa ule mng'ao wa mchanga. Waliokutana naye njiani walimpa pole, wakidhani bado anamlilia baba. Aliitikia, "Tumeshapoa," akapita. Hakujisumbua tena kumweleza mtu.