Idling ya juu: gari ya Ishiara ilivyosikia baridi Nkubu

Wakuu, habari za huko mliko. Wewe mwenye gari ya zamani inayonguruma hata ikiwa imesimama, keti karibu unisikize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na Mama Mwenda, mke wangu, amekubali niyaandike kwa sharti kwamba nisifiche makosa yangu.

Mwaka jana nilinunua saloon ya manual, kuukuu lakini safi, kutoka kwa Mzee Njeru, muuza ndengu wa Ishiara. Huko ni joto. Mimi ni mwalimu wa Nkubu, ambako mwezi wa saba hatuvui sweta.

Shida ilikuwa moja tu: idling, yaani mwendo wa engine gari ikiwa imesimama. Engine ikishapata moto, RPM, mizunguko yake kwa dakika, inapaswa kushuka hadi mia saba au mia nane. Yangu ilikaa elfu moja na mia tano. Ukiachilia klachi, gari inaondoka yenyewe kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

Nikavumilia. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Mama Mwenda alikuwa ameanza driving school, na jioni anafanya mazoezi na gari yangu. Kwangu aliendesha vizuri sana. Mlima wa kanisani alikuwa anaondoka bila kugusa mafuta. Lakini gari ya shule ilimzimia kila siku, hadi instructor akanipigia kuuliza kama kweli anafanya mazoezi nyumbani.

Mama Mwenda alikuwa na jibu lake. "Baba Mwenda, hiyo ya shule ndiyo mbovu. Yetu haizimi."

Mtihani ulikuwa umebaki wiki mbili, na alikuwa ameshamwambia mamake kule Runyenjes kwamba safari ijayo atafika akiwa kwenye usukani.

Nikaanza kutafuta. Fundi akasafisha throttle body, pale hewa inapoingilia engine, ikang'aa, RPM ikabaki pale pale. Nikalegeza kebo ya mafuta, bure. Nikakagua mipira ya vacuum, mizima. Nilikuwa karibu kununua idle valve, ile inayopima hewa ya idling, nilipogundua kitu ambacho nilikuwa nikijisifia kwa majirani: sindano ya temperature haikuwahi kupanda. Nilidhani ni afya.

Ngoja nieleze polepole. Engine ikiwa baridi hujiongezea mwendo ili ipate joto, kisha inatulia. Thermostat ni kamlango kadogo kanakozuia maji ya rejeta yasizunguke kabla engine haijapata moto. Bila hako kamlango, kwa baridi yetu, engine haipati joto la kutosha. Inashinda siku nzima ikidhani ndiyo kwanza imeamka.

Nikampigia Mzee Njeru. Hakuona haya hata kidogo.

"Thermostat? Hiyo niliitoa, mwalimu. Huku kwetu ni ya nini?"

Alidhani amenifanyia hisani, tena akanieleza iko kwenye droo yake nikiihitaji.

Nikanunua mpya. Fundi akaifunga, akajaza coolant, akatoa hewa. Baada ya dakika chache sindano ikafika karibu na katikati na RPM ikashuka hadi mia saba na hamsini. Kwa mara ya kwanza nilisikia kuku wa jirani engine ikiwa inanguruma.

Jioni Mama Mwenda akaingia, akaachilia klachi. Ikazima. Tena ikazima. Mara ya tatu akanigeukia.

"Umeharibu gari yangu."

Asubuhi gari ilikuwa bado yangu.

Siku hizo alizima mara nyingi hadi majirani wakachoka kuangalia. Tukaanza upya: mafuta kidogo kwanza, sikiliza engine, ndipo uachilie klachi taratibu. Haikuwa akili iliyokosekana, ni gari yangu iliyomfundisha vibaya.

Siku ya mtihani hakuzima hata mara moja. Runyenjes tulienda, yeye kwenye usukani, mimi nimepakata kuku wa mama mkwe.

Nilichojifunza: ukinunua gari ya zamani, muulize mwenyewe ametoa nini, usiulize tu ameongeza nini. Waliokutana na idling ya juu kwa sababu nyingine, andikeni hapa chini tusaidiane.

Na wewe, kabla ya kununua spea yoyote, washa gari asubuhi ikiwa baridi, usifungue kifuniko cha rejeta, weka mkono mbali na feni, kisha gusa mpira wa juu wa rejeta baada ya dakika tatu: mpira huo ukianza kupata joto mapema hivyo, kidogo kidogo pamoja na engine, huenda kamlango hakapo au kamekwama wazi, kwa hivyo mwambie fundi aangalie thermostat kwanza.