Mipaka Niliyokataa Kuitembea

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, mzee Paluku aliponijia ofisini na fimbo yake. Nilikuwa karani wa kijiji chetu, huko upande wa Kasugho, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni na majivuno tele. Yeye ndiye aliyejua kila shamba: nani alilifyeka kwanza, nani alimpa nani, mpaka unapita wapi. Chifu hakukata shauri la ardhi bila kumwuliza.

Kila mwaka, kabla ya kupanda, Paluku alizunguka mipaka yote na wakuu wa familia, siku tatu nzima, na mwishoni walikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, pamoja. Mwaka ule alitaka nami niende.

"Sekretere, kuya tutembee," aliniambia. "Niko nazeeka. Bengine banafuata kasiksi tu."

Nilicheka. Nikamwambia aje aketi anisimulie, historia ya kijiji nitaiandika mezani.

"Kwa meza utaandika majina ya bachefu," alisema. "Mipaka iko kule, kwa mashamba."

Miaka mitatu alinialika, na miaka yote mitatu nilijitafutia safari ya mjini Butembo.

Kisha vita vikatukimbiza sote. Mzee Paluku alifia Butembo, katika nyumba ya watu. Tuliporudi, mimea iliyopandwa kuonyesha mipaka ilikuwa imeng'olewa, na wakuu waliotembea naye, wengine walikufa, wengine hawajarudi hadi leo. Masika, mjane wa jirani yangu, alikuta shemeji yake amechukua nusu ya shamba lake la kahawa.

Alipeleka shauri kwa chifu, na kwenye baraza chifu alinigeukia. Masika naye akaniangalia.

"Sema, sekretere. Si weye ulikuwaka na daftari ya kijiji?" chifu aliniuliza.

Daftari nilikuwa nalo. Lilijaa majina ya machifu, kwa mwandiko mzuri. Nikasema sijui, na nusu ile ikabaki kwa shemeji, kwani hakuwepo wa kumpinga. Masika hakunilaumu, mwanangu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alifunga vitu vyake akaenda Butembo, anauza unga wa mihogo sokoni. Nikipita hunisalimu vizuri. Mimi huona haya hata kununua.

Basi ukipewa kazi ya kijiji, usijifungie ofisini. Mzee akikuita mkazunguke, acha ulichoshika, vaa buti, nenda naye, na andika ukiwa umesimama pale pale anapokuonyesha. Usimwambie kesho. Kosa lilikuwa langu, aliyepoteza shamba ni Masika.

Mungu akupe miguu ya kwenda na subira ya kusikiliza, mwanangu, na akuepushe na siku ya kusimama mbele ya mjane ukiwa huna la kumwambia.